Vipimo vya moyo na mishipa ya damu: nianze kushughulikia namba ipi?

Mkazi wa Walukuba, Jinja (aliyeuliza)

Ndugu zangu, salaam.

Nina umri wa miaka 46 na kazi yangu ni uhasibu katika ghala la nafaka, kazi ya kukaa kitini kutwa nzima. Kaka yangu mkubwa alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 51, na baba yetu aliishi na presha kwa muda mrefu hadi figo zake zikashindwa kufanya kazi. Kwa sababu hiyo nilikwenda kwenye maabara moja ya binafsi kufanyiwa kile wanachokiita kifurushi kamili cha moyo, nikapewa karatasi yenye namba nyingi, na baadhi yake zimewekewa nyota kuonyesha kwamba zimevuka kiwango.

Kolesteroli yote ni milimoli 5.4 kwa lita, nayo ina nyota. HDL, ile kolesteroli inayoitwa nzuri, ni 1.0, trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, 2.2 na ina nyota, LDL, ile kolesteroli inayoitwa mbaya, 3.4 na ina nyota. Sukari kabla ya kula ni 6.3, lakini HbA1c ni asilimia 5.6 na imeandikwa kuwa ni ya kawaida. Kreatinini, kipimo cha figo, ni mikromoli 104 kwa lita, bila nyota. CRP ni miligramu 14 kwa lita, na hii imewekewa nyota mbili pamoja na maneno kwamba nina hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo. Kiuno changu ni sentimita 101. Mhudumu wa mapokezi alinipima presha mara moja nilipotoka tu kupanda ngazi, akapata 148 juu ya 94, akaiandika kwa kalamu juu ya bahasha na hakuniambia lolote. Sivuti sigara. Wiki ile nilikuwa na jino linaloniuma na nilikuwa nikimeza diklofenaki kutoka duka la dawa.

Maabara imenishauri nirudi kwa vipimo zaidi, vya bei kubwa, kwa sababu ya ile CRP. Ninaomba wenye ujuzi wanieleze: kati ya namba hizi zote, ni ipi inayopaswa kunihangaisha, na ni ipi ninayoweza kuiacha?

Daktari wa magonjwa ya ndani, Mbale

Ndugu yetu wa Walukuba, pole kwa msiba wa kaka. Umeuliza jambo ambalo wagonjwa wangu wengi hufika nalo wakiwa wameshika karatasi kama hiyo yako, na jibu langu litaanza na namba ambayo haikuwekewa nyota yoyote, yaani ile iliyoandikwa juu ya bahasha.

Shinikizo la damu ndilo linaloharibu mishipa ya watu wetu kuliko kitu kingine chochote. Damu inayosukumwa kwa nguvu kupita kiasi, mchana na usiku, huikakamaza mishipa midogo ya ubongo hadi ipasuke au izibe, huufanya ukuta wa moyo unenepe na baadaye uchoke, na huziharibu figo hadi zianze kuvujisha protini. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya taarifa za watu wazima wapatao milioni moja, ulionyesha kwamba kwa watu wa miaka 40 hadi 69, kila ongezeko la milimita 20 katika namba ya juu, kuanzia 115, linaongeza takriban maradufu uwezekano wa kufa kwa kiharusi au kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Uganda nayo ilifanya uchunguzi wa kitaifa mwaka 2014, na ikaonekana kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na walio wengi sana kati yao hawakuwa wakijua. Ninaposikia habari ya kaka aliyekufa kwa kiharusi kabla ya miaka 55 na baba aliyeugua presha na figo, macho yangu hayaendi kwenye CRP.

Hata hivyo kipimo chako cha 148 juu ya 94 hakitoshi kukuita mgonjwa, kwa sababu ya jinsi kilivyochukuliwa. Mtu hupimwa akiwa amekaa kimya kwa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kibofu hakina mkojo, na katika nusu saa iliyotangulia hajanywa kahawa wala kuvuta sigara. Haongei wakati anapimwa. Tena ulikuwa na maumivu ya jino, na ulikuwa unameza diklofenaki. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, huufanya mwili uhifadhi chumvi na maji, hupandisha presha, huzielemea figo, na diklofenaki kwa namna ya pekee imehusishwa na ongezeko la mshtuko wa moyo. Katika miji yetu inauzwa bila swali lolote, na ninatamani kila muuza dawa angemuuliza mteja habari ya presha kabla ya kumkabidhi.

Nenda kwenye kituo cha afya upimwe mikono yote miwili, kisha utumie mkono uliotoa namba kubwa. Ukiweza kupata mashine ya nyumbani, jipime asubuhi na jioni, mara mbili kila safari kwa kupumzika dakika moja katikati, kwa muda wa siku saba. Siku ya kwanza uiache, kisha utafute wastani wa zile zilizobaki. Nyumbani tunahesabu presha kuwa ya juu kuanzia 135 juu ya 85, kliniki kuanzia 140 juu ya 90. Marekani walishusha mpaka wao hadi 130 juu ya 80 mwaka 2017, kwa hiyo usishangae ukikuta namba tofauti mtandaoni, lakini Shirika la Afya Duniani limebaki na 140 juu ya 90 kwa kumwanzishia dawa mtu ambaye hana ugonjwa mwingine.

Nitarudi kueleza mafuta ya damu. Nawaachia kwanza wenzangu wa maabara.

Fundi sanifu wa maabara, Kampala

Naunga mkono maneno ya daktari, nami nitaongeza yale yanayohusu upande wangu wa darubini na mashine, kwa kuwa naona karatasi hiyo imekutisha mahali pasipostahili na imekutuliza mahali panapostahili kuangaliwa zaidi.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopambana na maambukizi au jeraha. Ni kweli kwamba kipimo cha CRP chenye usikivu mkubwa hutumika kukadiria hatari ya moyo: chini ya 1 ni hatari ndogo, kati ya 1 na 3 ni ya wastani, na zaidi ya 3 ni kubwa. Lakini kanuni hiyo ina sharti lake, nalo ni kwamba mtu awe mzima siku hiyo. Namba ikivuka 10, jambo la kwanza la kutafuta ni maambukizi, na kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa mtu akishapona. Katika nchi ambayo malaria, vidonda, jino bovu na homa za kifua ni mambo ya kila msimu, CRP ya 14 kwa mtu mwenye jino linalouma inazungumzia jino. Kuandika juu yake kwamba una hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo, bila kukuuliza kama unaumwa, si kazi nzuri, na hivyo vipimo vya bei kubwa usivifanye kwa sababu hiyo peke yake. Nenda ukatibiwe jino kwanza.

Sasa njoo kwenye sukari, kwa kuwa hapa kuna jambo ambalo nyota hazikuligusa. Sukari yako ya 6.3 kabla ya kula imevuka 6.1, ambayo kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani ni mwanzo wa eneo lililo kati ya hali ya kawaida na kisukari, na kisukari chenyewe huanzia 7.0. HbA1c ya 5.6 inasema hakuna tatizo. Vipimo viwili vinapopingana namna hii nauliza kuhusu chembe nyekundu za damu. HbA1c hupima sukari iliyojishikiza kwenye himoglobini katika muda wote wa uhai wa chembe, ambao ni kama siku 120. Chembe zikifa mapema, kwa malaria ya karibuni, kwa kutoka damu nyingi au kwa tatizo la kurithi, sukari haipati muda wa kujishikiza, na kipimo kinatoka chini kuliko hali halisi. Hata mtu aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa kabisa, HbA1c yake huweza kusoma chini kidogo ya ukweli. Uchunguzi wa damu za watoto wachanga uliofanywa nchi nzima ulionyesha kwamba takriban watoto 13 katika kila 100 nchini Uganda wamerithi hivyo, na Busoga ni miongoni mwa maeneo yaliyo juu ya wastani. Upande wa pili, upungufu wa madini ya chuma huweza kuipandisha HbA1c bila sukari kupanda. Ukitaka jibu lililo wazi, omba kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa baada ya saa mbili: chini ya 7.8 ni kawaida, 11.1 na kuendelea ni kisukari.

LDL yako haikupimwa moja kwa moja, bali ilihesabiwa. Chukua 5.4, toa HDL 1.0, toa trigliseridi 2.2 iliyogawanywa kwa 2.2, unapata 3.4. Ni kanuni ya mwaka 1972 na maabara nyingi bado zinaitumia. Inafaa, isipokuwa trigliseridi zikizidi 4.5, ambapo hesabu hupotoka. Namba ambayo mimi huipenda zaidi ni kolesteroli yote ukitoa HDL, kwa kuwa inajumuisha chembe zote za mafuta zinazoweza kuganda kwenye ukuta wa ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na haitaki mtu ashinde na njaa. Kwako ni 4.4. Ukienda maabara nyingine angalia vipimio: baadhi huandika miligramu kwa desilita, na kupata milimoli unagawanya kolesteroli kwa 38.67 na trigliseridi kwa 88.57. Nimeona watu wakilia kwa kuona 209 mahali walipozoea kuona 5.4, na hizo ni namba moja.

Mkazi wa Walukuba, Jinja

Nawashukuru sana. Fundi, umenigusa: mtoto wa dada yangu ana selimundu, na mimi mwenyewe sijawahi kupimwa. Nitapima.

Jino limeng'olewa wiki hii na diklofenaki nimeiacha. Nina maswali mawili. La kwanza, wazee wengi hapa wanasema kwamba magonjwa haya ya moyo ni ya Wazungu na Wahindi, na kwamba babu zetu hawakuyajua. Je, kuna ukweli wowote? La pili, jirani yangu anameza aspirini ndogo kila siku ili kulainisha damu, na ananihimiza nami nianze, pamoja na kitunguu saumu kibichi kila asubuhi.

Mhadhiri wa afya ya jamii, Kampala

Swali lako la kwanza lina historia ndefu, na sehemu yake kubwa iliandikwa hapahapa kwetu, kwa hiyo naomba nafasi nilijibu kwa kirefu.

Wazo la kwamba kuna mambo yanayoweza kupimwa kwa mtu mzima na yakatabiri ugonjwa wake wa moyo wa kesho lilipata nguvu kutoka mji mdogo wa Framingham, Marekani, ambako mwaka 1948 watafiti walianza kuwafuatilia wakazi zaidi ya 5,000. Kabla ya hapo madaktari wengi waliamini kwamba presha kupanda kadiri mtu anavyozeeka ni jambo la kawaida, tena la lazima. Framingham ndiyo iliyoonyesha kwa miaka mingi ya ufuatiliaji kwamba presha, kolesteroli na sigara hutangulia maradhi, na mwaka 1961 watafiti wake wakaanza kutumia jina la vihatarishi katika maandishi yao.

Wakati huohuo Kampala kulikuwa na fumbo. Madaktari wa hospitali ya Mulago waliwaona Waafrika wengi wenye presha na wenye moyo uliopanuka, lakini mshtuko wa moyo unaotokana na kuziba kwa ateri za moyo hawakuuona isipokuwa kwa nadra mno. Mwaka 1959 watafiti Shaper na Jones walichapisha katika jarida la Lancet ulinganisho wa kolesteroli na vyakula vya Waafrika na Waasia nchini Uganda: Waafrika walikuwa na kolesteroli ndogo, wakila zaidi ndizi za kupika, viazi vitamu na maharagwe na mafuta kidogo, na ugonjwa wa ateri za moyo ulikuwa karibu haupo kwao. Waasia wa nchi hiyohiyo, wenye mlo wa mafuta zaidi, walikuwa na kolesteroli ya juu na waliugua. Kwa hiyo wazee wako hawasemi uongo kuhusu enzi yao. Lakini watu wawili wanaoishi chini ya jua moja na kunywa maji ya ziwa moja walitofautiana kwa mlo na maisha, na jambo la namna hiyo hubadilika pale mlo unapobadilika. Leo mhasibu wa Jinja hatembei shambani, anapanda boda boda hadi kazini, mchana anakula chapati iliyokaangwa na mayai ndani yake, na jioni anakaa mbele ya runinga. Anaishi maisha ambayo mwaka 1959 yalikuwa ya wachache.

Mwaka 2004 utafiti wa INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52, uligundua kwamba mambo tisa yanayopimika yanaeleza takriban asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa moyo wa kwanza, kwa wanaume na wanawake, katika kila bara: tumbaku, mafuta ya damu yasiyo na uwiano mzuri, presha, kisukari, unene wa tumboni, msongo wa maisha, upungufu wa matunda na mboga, kutofanya mazoezi, na namna ya unywaji wa pombe. Kwa Waafrika weusi walioshiriki, presha na kisukari vilionekana kuwa na uzito wa pekee. Sioni mahali popote katika matokeo hayo ambapo rangi ya mtu inamkinga.

Nitaongeza jambo moja ambalo vifurushi vya maabara haviligusi kabisa. Moyo wa Mganda unaweza kuugua kwa njia ambazo kolesteroli haihusiki nazo. Daktari Davies wa Mulago alieleza katika miaka ya 1940 ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo unageuka kovu gumu, na chanzo chake hakijathibitishwa hadi leo. Tena kuna ugonjwa wa vali unaotokana na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza kwa koo la mtoto lililoambukizwa bakteria wa streptokoka. Utafiti uliofanyika Gulu na kuchapishwa mwaka 2021 uliwahusisha watoto na vijana 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao ultrasaundi ilionyesha dalili za mwanzo zisizohisika. Waliopewa sindano ya penisilini kila wiki nne, baada ya miaka miwili ni chini ya mmoja kwa 100 tu ambao vali zao zilizidi kuharibika, ilhali kwa wasiopewa walikuwa 8 kwa 100. Ndugu yetu, ukiwa na watoto nyumbani, koo linalouma pamoja na homa lisiachwe likapona lenyewe bila kuonwa na mhudumu wa afya.

Mkunga, Arua

Mhadhiri ameeleza vizuri, lakini naona mazungumzo yote ni ya wanaume. Naomba akina dada wanaosoma wasipitwe.

Mwanamke aliyepata shinikizo la damu la ujauzito lenye protini kwenye mkojo, hata kama alijifungua salama na presha ikashuka, hatari yake ya baadaye ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi ni takriban mara mbili ya mwenzake, na ya moyo kushindwa kufanya kazi ni kubwa zaidi ya hapo. Wodini tunamruhusu kurudi nyumbani na mtoto wake, na mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba anapaswa kupimwa presha kila mwaka maisha yake yote. Kisukari cha mimba nacho ni hivyohivyo. Ukienda kliniki ya moyo ukaulizwa historia yako, taja mimba zako.

Jambo la pili ni VVU. Dada na kaka wanaoishi na virusi na wanaomeza dawa zao vizuri sasa wanafika miaka 50 na 60, na mishipa yao hupata madhara mapema kuliko ya wenzao kwa sababu mwili unaendelea kupambana kimyakimya. Utafiti wa REPRIEVE, ambao Uganda ilishiriki, ulitoa matokeo mwaka 2023: kati ya watu 7,769 wenye VVU wa miaka 40 hadi 75, waliopewa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na matukio ya namna hiyo kwa asilimia 35 pungufu kuliko ambao hawakupewa. Kliniki ya dawa za VVU inapokupima uzito, iombe ipime na presha.

Daktari wa magonjwa ya ndani, Mbale

Nashukuru kwa nyongeza hizi, hasa ya mkunga, kwa kuwa hata sisi madaktari tunasahau kuuliza.

Kuhusu aspirini, ndugu yangu, usianze. Kwa mtu ambaye amekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha kuziba kwa mshipa, aspirini ina faida iliyo wazi. Kwa ambaye hajapata, faida ni ndogo na inapimwa dhidi ya kutoka damu tumboni na ndani ya ubongo, na kwa mwenye presha ambayo haijadhibitiwa mizani huelemea upande mbaya. Jirani yako akamwone daktari aulize kwa nini anaimeza. Kitunguu saumu ukile kama kiungo cha chakula, lakini kisichukue nafasi ya dawa ya presha endapo utaandikiwa.

Mafuta ya damu sasa. LDL ya 3.4 imepanda kwa kiasi, lakini haitoshi kuamua jambo ikiwa peke yake. Mtu aliyepata mshtuko wa moyo tunataka LDL yake ishuke chini ya 1.8, na miongozo mingine inasema 1.4. Mwenye kisukari wa zaidi ya miaka 40 mara nyingi tunampa statini hata kama LDL yake ni kama yako. Kwa mtu asiye na ugonjwa tunatumia majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, ambayo yametengenezwa kwa kila eneo la dunia, na letu ni Afrika Mashariki. Yanachukua umri, jinsia, sigara, namba ya juu ya presha, kisukari na kolesteroli, kisha yanatoa asilimia ya uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo. Kuna jedwali jingine linalotumia uwiano wa uzito na urefu badala ya vipimo vya damu, na nalipenda mno kwa vituo vyetu vya afya vya ngazi ya tatu, ambako maabara ni darubini moja na vipimo vya malaria. Lakini jedwali haliulizi habari za kaka yako. Mtu wa miaka 46 huweza kupata asilimia ndogo kwa sababu tu umri wake ni mdogo, huku presha ikiendelea kumharibu. Kwa hiyo presha ikithibitika kuwa 140 juu ya 90 au zaidi, inatibiwa, hata kama asilimia ya jedwali ni ndogo.

Dawa zipo na si za gharama kubwa. Utafiti wa CREOLE, uliofanyika katika nchi 6 za Afrika, Uganda ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kwa watu weusi mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake hushusha presha vizuri zaidi kuliko ule usio nayo. Usijinunulie mwenyewe, daktari wako ndiye atakayechagua.

Kabla ya dawa kuna kipimo ambacho kifurushi chako kilikiacha, nacho ni albumini, aina ya protini, kwenye mkojo. Kreatinini ya 104 kwa mwanamume wa umri wako haitishi, lakini huanza kupanda figo zikiwa zimekwisha kuharibika kwa sehemu kubwa, ilhali albumini huonekana mapema, tena ni alama ya hali ya mishipa midogo ya mwili mzima. Kwa historia ya baba yako, hicho ndicho kipimo cha kwanza ambacho ningekulipia. Cha pili ni kipimo cha umeme wa moyo, kuangalia kama ukuta wa moyo umenenepa. Troponini haina kazi kwako sasa, kwa kuwa ni ya mtu anayeumwa kifua. Lipoprotini ndogo a, ambayo ni ya kurithi na kwa kawaida huwa juu zaidi kwa watu weusi, hupimwa mara moja tu maishani, na inaweza kusubiri hadi upate nafasi.

Kiuno cha sentimita 101 kimevuka 94, mpaka unaotumika kwa wanaume wetu, na kinakwenda pamoja na trigliseridi zako, HDL ndogo na ile sukari ya 6.3. Hizo namba nne ni habari moja, na tiba yake ya kwanza ni moja: kutembea kwa haraka angalau dakika 150 kwa wiki, kupunguza soda, mkate mweupe na pombe, na chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai pamoja na ile iliyo ndani ya vipande vya kuungia mchuzi. Matoke, maharagwe na mboga za majani ziongeze, kwa kuwa potasiamu yake husaidia kushusha presha, maadamu figo ni nzima.

Wakati wowote ukihisi kifua kinabana kwa dakika kadhaa huku jasho linakutoka, au uso ukapinda upande mmoja, mkono ukalegea, maneno yakakwama, usisubiri kipimo chochote. Nenda hospitali ya rufaa saa ileile.

Mkazi wa Walukuba, Jinja

Daktari, mkunga, fundi na mwalimu, Mungu awalipe. Nimepanga kwenda kliniki ya hospitali ya rufaa hapa Jinja kwa albumini na kipimo cha umeme wa moyo, na mwanangu atanisaidia kuandika presha ya nyumbani. Dukani nimekuta mashine za kifundo cha mkono zilizo nafuu na za mkono wa juu zilizo ghali zaidi. Je, ya kifundo inatosha?

Fundi sanifu wa maabara, Kampala

Nunua ya mkono wa juu, ile ya kifundo hukosea kwa urahisi mkono usipokuwa usawa wa moyo. Kabla ya kulipa, zungusha tepu katikati ya bega na kiwiko. Kitambaa cha kawaida kinachozungushwa mkononi kwa mashine nyingi ni cha mkono wa sentimita 22 hadi 32, na ukizidi hapo omba kikubwa, kwa sababu kitambaa kidogo kwenye mkono mnene huongeza namba na unaweza kuandikiwa dawa usiyoihitaji. Siku ya kliniki uibebe mashine yako, waipime pamoja na ya kwao kwenye mkono uleule.

Mkazi wa Walukuba, Jinja

Nimepima mkono, ni sentimita 34. Nitaomba kikubwa.